Maswali ya Wasomaji: Uoni Unapopungua Kidogo Kidogo

Kati ya barua zilizotufikia kutoka Dodoma na wilaya zake, tatu zinazungumzia jambo moja: macho yanayofifia polepole, bila ajali na bila maumivu, huku mwenye macho na watu wake wakikosa la kusema. Tumezifupisha na kuondoa majina. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu mengi yaliyomo yanawahusu pia waandishi wa barua mbili zinazofuata.

Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma mjini, nina miaka 47. Mwaka jana niligundulika kuwa na presha ya macho. Daktari alisema jicho la kushoto limeharibika sana na la kulia limeanza, akaniandikia matone ya kila siku. Nikitazama mbele ninaona na ninasoma vizuri, lakini wanafunzi waliokaa pembeni siwaoni mpaka nigeuze kichwa, na nimewahi kugongana na watoto mlangoni. Jioni nikitoka Soko la Majengo ninaogopa mitaro na bodaboda. Sijamwambia Mwalimu Mkuu wala wenzangu, na mume wangu anajua tu kwamba macho yanachoka. Usiku ninalia. Matone nayo sioni yanachosaidia, hivyo kuna majuma ninayaacha. Je, nitapofuka? Na nikipofuka, kazi na watoto wangu wanaosoma itakuwaje?
*Mwalimu, Ipagala*

Mwalimu, nianze na matone, kwa kuwa ndilo jambo lisiloweza kusubiri hata juma moja. Presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na sehemu ya mshipa huo ikishakufa hairudishwi kwa dawa, kwa upasuaji wala kwa miwani. Matone hukupewa ili uone vizuri zaidi. Ulipewa ili uoni ulio nao leo ubaki. Ndiyo maana huhisi faida siku unapoyaweka, wala huhisi hasara siku unapoyaacha, na kwa njia hiyo ugonjwa huu umewapofusha watu wengi waliokuwa na dawa kabatini. Tafadhali yaanze tena leo, na ukirudi kliniki mweleze daktari bila kuona haya kwamba uliyaacha, kwa sababu asipojua anaweza kudhani dawa imeshindwa.

Ukishaweka tone moja, funga jicho taratibu na ubonyeze kwa kidole kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili hivi, ili dawa ibaki jichoni badala ya kushukia puani na kooni. Kama umeandikiwa dawa za aina mbili, ziachanishe kwa dakika tano. Kama una pumu, mwambie daktari mapema, kwa kuwa timolol, ambayo hutumika sana kwa ugonjwa huu, inaweza kuamsha pumu. Joto letu nalo si la kupuuzwa: chupa isikae dirishani wala kwenye mkoba unaopigwa na jua, na umuulize mfamasia namna ya kuihifadhi, maana baadhi ya matone, kama latanoprost, huwekwa kwenye friji kabla ya kufunguliwa na yakishafunguliwa hutumika kwa majuma machache tu. Ikiwa matone yanakuunguza, au bei yake inakushinda, hiyo ni sababu ya kurudi kwa daktari, si sababu ya kuacha kimyakimya. Zipo dawa nyingine, ipo leza, na upo upasuaji.

Umeuliza kama utapofuka. Siwezi kukuahidi kwamba hutapofuka, na yeyote atakayekuahidi hivyo kwa malipo, awe anauza virutubisho au maji ya kuombea, usimpe fedha yako. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba wengi wanaogundulika wakiwa bado na jicho moja lenye hali nzuri, wakashika matibabu na kuhudhuria kliniki, huendelea kuona kiasi cha kuwafaa kwa maisha yao yote. Wewe umo katika kundi hilo. Lakini hata kama uoni utaendelea kupungua, itakuwa polepole, na upole huo unakupa kitu ambacho mtu aliyepofuka ghafla hakukipata, yaani muda wa kujifunza ukiwa bado unaona. Haya yote nitakayokueleza hapa chini yanategemea muda huo, na kuficha ndiko kunakoula.

Tazama kuficha kwako kunakugharimu nini sasa hivi. Hapa kwetu mtu akipita bila kusalimia anahesabiwa kuwa na majivuno au kinyongo. Bila shaka wapo walimu wenzako uliowapita uwanjani kwa upande wa kushoto ambao leo wanajiuliza walikukosea nini, na wapo watoto uliowagonga mlangoni wanaodhani umewakasirikia. Hawana namna ya kujua, kwa sababu macho yako kwa nje ni mazima, na hata wewe mwenyewe huoni giza pembeni; ubongo huziba pengo hilo kiasi kwamba mtu hudhani anaona kila kitu mpaka kitu kimtokee ghafla. Kwa hiyo waambie kwa maneno machache: “Macho yangu yana ugonjwa, sioni pembeni. Ukiniona nimekupita, niite kwa jina.” Hakuna haja ya kueleza zaidi ya hapo. Wanafunzi waambie vilevile. Watoto wa darasa la tatu hulipokea jambo la namna hii kwa wepesi kuliko watu wazima.

Kwa mume wako ningeshauri njia nyingine. Usimweleze peke yako usiku mkiwa mmechoka. Mwombe mfuatane kliniki, kisha umwombe daktari amwonyeshe karatasi ya kipimo cha upeo wa kuona, ile yenye sehemu nyeusi zinazoonyesha jicho limepoteza wapi. Mtu akiiona karatasi hiyo anaelewa kwa dakika moja jambo ambalo maneno yangelizungukia kwa mwezi mzima. Papo hapo muulize daktari kuhusu ndugu zako wa damu. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na kaka zako, dada zako na hata watoto wako siku zijazo wanahitaji kupimwa wakiwa bado hawana dalili yoyote. Huenda kusema kwako kukamwokolea mdogo wako macho.

Kuhusu kulia: lia. Unaomboleza kitu cha kweli. Maombolezo ya uoni unaopungua ni mazito kwa namna yake, kwa sababu hayana siku ya mazishi wala siku ya kuanua matanga. Unazoea kupotewa na hiki, kisha baada ya miezi kinaondoka kile, na majonzi yanaanza upya. Wanaokuambia “mshukuru Mungu, bado unaona” wanakupenda, lakini maneno yao yanakunyima haki ya kuhuzunika, na unaruhusiwa kuwaambia hivyo. Huzuni si upungufu wa imani. Hata hivyo, ikiwa kwa zaidi ya majuma mawili mfululizo hulali, chakula hakishuki, hakuna kinachokufurahisha, au umeanza kuwaza kwamba ni afadhali kufa, hapo umefika mahali pa kutibiwa. Ninajua watu wa Dodoma wanavyolitaja jina la Mirembe, na ninajua mwalimu anaogopa kuonekana kwenye lango lake. Hofu hiyo imewanyima wengi nafuu iliyo karibu yao kabisa. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na sonona, yaani huzuni nzito iliyogeuka kuwa ugonjwa, ni miongoni mwa magonjwa yanayotibiwa hapo kila siku. Usipoweza kwenda huko, anzia katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na mwambie daktari wa macho pia, kwani anastahili kujua.

Nyumbani, anza na mambo madogo. Ugali wa sembe kwenye sahani nyeupe unapotea machoni; uweke kwenye sahani yenye rangi, na maziwa uyamimine kwenye kikombe cheusi au cha buluu. Ukingo wa kila ngazi upakwe chokaa au rangi nyeupe. Mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa, kwa sababu ule ulioachwa nusu ndio unaopasua paji la uso. Ndoo, vigoda na jiko viwe na mahali pake, na watoto wajue kwamba kuacha kigoda njiani si jambo dogo tena. Ukisahihisha madaftari, kaa dirisha likiwa nyuma ya bega lako badala ya kulitazama. Jua letu la mchana huumiza macho yenye ugonjwa huu, hivyo vaa kofia yenye ukingo mpana, na ukiingia darasani kutoka uwanjani simama kidogo mlangoni mpaka macho yazoee. Barabarani jizoeze kugeuza kichwa, kushoto, kulia, kisha chini, kila baada ya hatua chache, mpaka iwe tabia. Gizani usimpe mtu mkono akuvute. Wewe ndiye umshike kiwiko na utembee nusu hatua nyuma yake, kwani mwili wake utakueleza penye mtaro kabla hujaufikia.

Simu yako, kama ni ya Android, ina programu iitwayo TalkBack inayosoma kilicho kwenye kioo kwa sauti, na ipo sauti ya Kiswahili. Jifunze kuitumia sasa, siku za mapumziko, wakati bado unaweza kuona vidole vyako vinagusa wapi. Itakusaidia hasa kwenye fedha za mtandao, maana mtu asiyesoma ujumbe wake mwenyewe huishia kumpa wakala namba ya siri, na hilo usilifanye kamwe. Tumia spika za masikioni, usome salio lako mwenyewe. Noti weka kila aina katika mfuko wake wa pochi, au uzikunje kwa namna tofauti: ya elfu kumi mara mbili, ya elfu tano mara moja, na kadhalika.

Sasa kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi katika ajira kwa sababu ya ulemavu, na inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa hiyo hukimbizwi kazini kwa sababu ya macho. Chukua taarifa ya daktari, andika barua kwa Mwalimu Mkuu na nakala kwa afisa elimu, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiandike “naomba msaada” tu. Eleza unachohitaji: darasa lenye mwanga wa kutosha, madawati yaliyopangwa mbele yako badala ya kutawanyika pembeni, kuondolewa zamu za jioni, na mitihani iliyochapwa kwa herufi kubwa. Mkuu wa shule akiona orodha inayotekelezeka ana jambo la kuamua. Akiona malalamiko matupu, atakuhurumia na kukusahau.

Jambo la mwisho ni hili, na ninalipa uzito kuliko yote niliyosema kuhusu vifaa. Nenda Buigiri. Shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, ilianzishwa mwaka 1950, na tangu wakati huo watoto wasioona wamejifunza hapo kusoma na kuandika kwa nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Omba ruhusa, uende kama mwalimu anayewatembelea walimu. Hofu yako kwa sasa imejengwa juu ya picha moja tu ya mtu asiyeona, huenda yule anayeketi nje ya soko na kopo lake, na picha hiyo haiondolewi kwa mawaidha yangu. Itaondolewa na kuona watu wakifanya kazi ile ile unayoifanya wewe. Uliza pia kuhusu Chama cha Wasioona Tanzania na mahali pa kujifunza fimbo nyeupe. Anayejifunza fimbo akiwa bado anaona kiasi huishika haraka, na fimbo ile, kabla ya kumsaidia mwenyewe, huwasaidia madereva wa bajaji kuelewa kwa nini huyu mama hakusogea.

Shikamoo Mshauri. Baba yangu ana miaka 78, ni mkulima wa zabibu Hombolo. Macho yake yamefifia kwa miaka kadhaa na tumekuwa tukisema ni uzee. Tangu kiangazi anasema anaona watoto wadogo wamevaa nguo za rangi wamesimama uani, na wakati mwingine ukuta unajaa michoro kama ya mkeka. Watoto hao hawasemi kitu. Mwanzoni alitufokea kwamba tunawaficha wageni, sasa anasema anajua hawapo ila anawaona. Kaka zangu wanataka apelekwe kwa mganga, na shangazi ameleta dawa ya majani ya kuweka machoni. Je, baba anapata wazimu?
*Binti, Hombolo*

Marahaba, binti yangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, baba hana dalili za wazimu. Macho yanapopeleka picha pungufu, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona wakati mwingine hujitengenezea picha zake: nyuso, watu wadogo, wanyama, maua, michoro inayojirudia. Mtaalamu wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika juu ya hali hiyo mwaka 1760 baada ya kuiona kwa babu yake aliyekuwa amepungukiwa uoni, na hadi leo madaktari wanaiita kwa jina lake. Dalili zinazoitambulisha umezitaja mwenyewe: picha hazina sauti, na baba anajua kwamba hazipo. Angekuwa anasikia sauti zikimwamrisha, angekuwa na homa, angekuwa amechanganyikiwa na kusahau watu, ningekuambia mkimbie hospitali leo kutafuta sababu nyingine.

Ninawaelewa kaka zako, na siwadharau. Mzee akisema anaona watoto uani ambao wengine hawawaoni, kila ukoo una maelezo yake tayari. Waombeni wasubiri kwanza apimwe. Lakini dawa ya shangazi isiguse jicho lake hata tone moja. Majani, maziwa na maji ya mizizi huleta vidonda kwenye kioo cha jicho, na jicho lililokuwa linatibika huishia kuwa jicho lisilotibika.

Ninasikitika zaidi na lile neno “uzee”. Mzee wa miaka 78 anayefifia polepole huenda ana mtoto wa jicho, na huo huondolewa kwa upasuaji mfupi, akawekewa lenzi ndogo ndani ya jicho na kurudi kuona mizabibu yake. Huenda pia ana makovu ya trakoma, ugonjwa uliowasumbua sana watu wa mkoa huu, hasa Kongwa, ambao hugeuza kope ziingie ndani na kusugua jicho. Hilo nalo lina upasuaji wake. Huenda ni presha ya macho. Hamwezi kujua mkiwa nyumbani. Hospitali ya Mvumi ina historia ndefu ya kutibu macho, na Dodoma mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa na ya Benjamin Mkapa.

Wakati mnajiandaa, mkalishe baba na umweleze nilivyoeleza hapa, kwa heshima na mbele ya kaka zako, kwa sababu wazee wengi hunyamaza wakiogopa kuitwa wehu, na kunyamaza huko huwatesa kuliko picha zenyewe. Watoto wale wakija, awashe taa, apepese macho, ayageuze kushoto na kulia mara kadhaa, au asimame na kunyoosha mkono kuwagusa. Mara nyingi picha hutoweka, na kwa wengi hupungua kadiri muda unavyokwenda.

Ndugu Mshauri, mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni Dodoma, Singida hadi Kahama. Ana kisukari. Siku hizi anasema taa za magari usiku zinamtawanyikia, na kuna siku anaona ukungu na siku anaona vizuri. Utingo wake ameniambia kwa siri kwamba walikosa kidogo kugonga punda karibu na Manyoni. Nikimwambia apime macho anakuwa mkali, anasema ninataka watoto wafe njaa. Je, nimwambie tajiri wake?
*Mama, Nkuhungu*

Mama, mwambie kwanza yeye, ukiwa na mtu anayemheshimu, kaka yake au dereva mwenzake wa siku nyingi, na mumwekee siku: kabla ya safari ijayo awe amepimwa. Akikataa na kuondoka na lori usiku, basi ndiyo, mwambie tajiri wake. Najua neno hili ni zito ndani ya ndoa. Lakini ndani ya lori hilo yumo utingo, na barabarani wamo watu wasiojua lolote juu ya ukali wake.

Ukali huo ni hofu. Udereva ndio uliompa jina na heshima, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huenda ugonjwa wake unazuilika. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, ikavuja au kutoka damu. Ikigundulika mapema, leza au sindano za jicho, pamoja na kushusha sukari na shinikizo la damu, huokoa uoni mwingi, na ndiyo sababu mwenye kisukari hutakiwa kupimwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Ule ukungu unaokuja na kuondoka unaweza pia kutokana na sukari kupanda na kushuka, kwa hiyo asinunue miwani ya mitaani kwanza. Sukari itulie ndipo apimiwe miwani.

Kuhusu njaa, mpe jibu la kweli badala ya faraja. Ikibidi aache usukani, anaijua njia, mizigo na magereji kuliko kijana yeyote, na matajiri wa malori wanahitaji mtu wa kusimamia upakiaji na matengenezo. Nanyi mtembelee ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata mkaulizie mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni za vikundi vya wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Unaweza kuanza na kikundi cha akina mama wewe mwenyewe, kabla mshahara wake haujakatika.

Siku ya kupimwa atawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa hataona vizuri, hivyo asiende akiendesha gari wala pikipiki. Mfuatane, mbebe daftari lake la kliniki ya kisukari na dawa zote anazotumia.